Kumpeleka Athol Mlimani

Jumatatu, 17 Aprili

Nimemkuta Athol kaelekezwa ukutani tena. Ukutani! Nesi kasema ni kwa ajili ya runinga. Runinga yenyewe imezimwa. Nimekigeuza kiti chake cha magurudumu mpaka dirishani. Na dirishani kuna nini? Magari ya wafanyakazi na mapipa ya taka. Mlima unaonekana kidogo nyuma ya paa la jikoni, ukipinda shingo. Tangu kiharusi, Athol hawezi kuipinda shingo upande huo.

Huyu ndiye aliyesukuma theluji kwa greda kwenye barabara ya mlima Hotham kila msimu wa baridi, tangu hatujaoana mpaka siku aliyostaafu. Sasa analinda mapipa.

Nikamwambia, "Nikupeleke juu, Athol? Tukatazame tu, tunywe chai, turudi?"

"Ndiyo."

Ndilo neno lake hilo. Kiharusi kilibeba mengine yote kikamwachia hilo moja, pamoja na tusi analolitoa akiogeshwa. Maxine, meneja wa makao haya ya wazee, alikuwa anapita mlangoni. Kacheka. "Bi Una, mpenzi, huyu ukimwuliza kama anataka kuruka kutoka juu ya paa atakwambia ndiyo."

Mpenzi! Mimi si mpenzi wake.

Nimeishi na mwanamume huyu miaka zaidi ya hamsini. Iko ndiyo ya kutaka ninyamaze, iko ndiyo ya kweli. Hii ilikuwa ya kweli. Alinibana kidole kwa ule mkono wake mzima mpaka kikauma.

Tunakwenda.

Jumanne, 18 Aprili

Nimekwenda ofisini kwa Maxine kistaarabu kabisa, na viatu vizuri. Nikamweleza: mwendo wa asubuhi tu. Kutoka hapa Bright mpaka Harrietville chini ya mlima, tunapanda, tunasimama pale juu watu wanapopigia picha, tunarudi. Saa chache. Watalii wanafanya hivyo kila siku wakiwa na watoto wanaotapika kiti cha nyuma.

Kasema hapana. Kasema kwa upole, na ule upole ndio ulionichoma. Athol anaweza kupaliwa. Anaweza kupata kiharusi kingine kule ambako hata simu inashika inapopenda. Na nani atamtoa garini akitaka haja? Mwaka jana mzee mmoja alitolewa na wanawe kwenda kula chakula cha mchana, akaanguka kwenye ngazi za mkahawa, hakurudi tena. "Mimi ndiye niliyempigia simu mkewe," kasema. Hapo sauti yake ilibadilika kidogo. Sikutegemea.

Halafu akaharibu. "Na wewe mwenyewe, Bi Una, ile barabara umewahi kuiendesha?"

Sijawahi. Barabara ile ilikuwa yake. Mimi nilikaa kushoto na sandwichi mapajani.

"Nitajifunza," nikamwambia.

Akatabasamu kama mtu anayemtazama mtoto aliyevaa viatu vya baba yake. Hilo tabasamu nitalibeba mpaka juu, nikalitupe korongoni!

Alhamisi, 20 Aprili

Kerryn kapiga simu kutoka Wodonga. Maxine kamwambia. Bila shaka! Mimi ni mkubwa kuliko wote wawili lakini naripotiwa kama mwanafunzi mtoro.

"Mama, una miaka sabini na nane."

"Nashukuru kwa kunikumbusha."

"Mama, sina mzaha. Nitazika wawili siku moja."

Nikamwambia akitaka atuzike kwenye shimo moja, apunguze kazi. Kalia. Sikupenda kumliza. Lakini binti yangu ana tabia ya kulia anapotaka kushinda, alianza akiwa na miaka mitatu.

Alichosema mwishoni ndicho kimenikalia: "Baba hajui hata yuko wapi. Safari ni yako, siyo yake."

Nimeosha vyombo vyote, hata visafi. Siyo kweli. Siyo kweli hata kidogo.

Ijumaa, 21 Aprili

Pikapu ya Athol imewaka! Ilikohoa, ikatoa moshi mweusi, ikanguruma. Betri Silvano ndiye aliyekuwa anaichaji miezi yote hii bila kuniambia. Silvano ni jirani yetu, alilima tumbaku hapa bondeni mpaka tumbaku ikafa, sasa analima maneno. Kasikia mngurumo, karuka uzio — hapana, kaupita langoni, na goti lake lile.

"Shemeji! Unakwenda wapi na gari la ndugu yangu?"

Nikamweleza. Nilitegemea aungane na wenzake. Kavua kofia, kakuna kipara.

"Na wewe unaendeshaje mlimani?"

"Hilo ndilo nataka unifundishe."

"Mimi?" Kaita Mama Maria kwa Kitaliano. Kisha kafungua mlango wa abiria, kaingia, kafunga mkanda kwanza kabla hata hajakaa sawasawa. "Twende Harrietville. Polepole. Nina wajukuu."

Njia hiyo ni tambarare, hainitishi. Majani ya miti mjini yamekuwa mekundu yote, watalii wanasimama katikati ya barabara kuyapiga picha. Nimewapigia honi. Silvano kafurahi sana. Somo lenyewe ni moja tu na kalirudia mpaka nikataka kumshusha: kwenye mteremko usiikalie breki. Gia! Gia ndiyo ikushikilie, breki uiguse tu kisha uiachie. "Ukinusa harufu ya kuungua, shemeji, hiyo siyo chakula cha mtu."

Tatizo lingine: pikapu iko juu mno. Athol atapandaje? Gari langu dogo liko chini mno, tulijaribu mwaka jana, ilikuwa kama kuingiza kabati ndani ya droo. Silvano kasema atatengeneza ngazi ya mbao. Na atakuja kuinua.

"Mzee yule," kasema, "mwaka ule wa theluji kubwa alinitoa mtaroni na lori langu zima. Hakunicheka. Kila mtu mwingine alinicheka."

Jumapili, 23 Aprili

Nimekwenda peke yangu. Nimeshindwa.

Naandika ili nisijidanganye. Nilipita Harrietville vizuri, nikaanza kupanda. Kona ya kwanza, ya pili, sawa. Miti mirefu pande zote, kivuli, barabara imelowa. Halafu ile kona kali wanayoiita Meg, inayojikunja kama kiwiko. Nikaingia na gia kubwa. Gari likaanza kufa. Nyuma yangu pikipiki, kundi zima, zinanguruma. Nikakanyaga klachi, gari likarudi nyuma kidogo — kidogo tu! — nikasikia mtu anapiga kelele. Nikafaulu kuliondoa, nikasogea pembeni palipo na changarawe, nikazima injini.

Mwendesha pikipiki mmoja kasimama, kavua kofia, ni mwanamke wa makamo, na mvi. Kauliza kama niko sawa. Nikamwambia napendezwa na mandhari. Kagundua natetemeka lakini hakusema. Kakaa nami pale mpaka mikono ikatulia, halafu kanisaidia kugeuza, akasimamisha magari kwa mkono kama askari.

Nimerudi bondeni kwa gia ya pili njia nzima. Breki sikuziunguza. Hilo angalau.

Nikampitia Athol. Nikamwambia, "Meg imenishinda." Kanitazama. Kisha kacheka! Nusu ya uso tu, lakini kacheka, mabega yakimtikisika. Nikakasirika, nikacheka nami.

Nani kasema hajui yuko wapi?

Jumanne, 25 Aprili

Siku ya mashujaa. Mji mzima mnarani tangu alfajiri, tarumbeta, baridi. Silvano kaja na biskuti za shayiri na ngazi yake. Ni nzuri, pana, ina zulia juu. Kaijaribu yeye mwenyewe mara nyingi kuliko ilivyohitajika.

Jumatano, 26 Aprili

MEG NIMEIPITA.

Gia ya kwanza, mapema, kabla ya kona siyo ndani yake. Silvano alifumba macho. Nilipomwambia tumeshapita hakuamini, kafumbua jicho moja.

Tukaenda mpaka juu. Nilikuwa nimesahau, au labda ukikaa kushoto na sandwichi huoni. Barabara inatoka msituni, inapanda juu ya mgongo wa mlima, chini pande zote mbili hakuna kitu. Hewa tu! Mikaratusi ya juu kule iliungua kwenye ule moto wa msitu wa miaka iliyopita, imesimama myeupe kama mifupa, na chini yake machipukizi mapya yamejaa kijani. Nguzo za rangi ya chungwa kando ya njia, za kuonyesha barabara iko wapi theluji ikifunika kila kitu. Ni Athol na wenzake waliozichimbia.

Upepo uliisukuma pikapu. Niliogopa, na niliendelea kuendesha nikiwa naogopa. Kumbe vyote viwili vinawezekana kwa pamoja.

Silvano pale juu kafuta macho, kasingizia upepo.

Ijumaa, 28 Aprili

Kikao. Maxine, Kerryn aliyekuja kwa gari kutoka Wodonga akiwa na uso wa mazishi, daktari kwenye simu iliyowekwa mezani. Na mimi. Athol hakualikwa! Nikasema bila yeye sikai. Ikabidi waende kumleta. Kaja na taulo shingoni, wamemkatiza chai.

Walisema mengi. Nikawaacha wamalize. Kisha nikauliza swali moja tu: "Huyu kafungwa?"

Maxine kasema bila shaka hajafungwa.

"Kuna sheria inayomkataza mume wangu kupanda gari la mume wangu?"

Daktari kakohoa kwenye simu. Kasema hatari ipo, hawezi kuificha, lakini hatari ipo pia kwenye kukaa mbele ya ukuta. Kasema kama mkewe ameelewa na mgonjwa mwenyewe anataka, yeye hana la kuzuia. Chai yake itiwe ule unga ya kuifanya nzito kama uji, asipewe kitu kikavu, arudi kabla ya dawa za jioni.

"Mgonjwa mwenyewe anataka?" Kerryn kadakia. "Baba, unataka kwenda mlimani?"

"Ndiyo."

"Baba, unataka kubaki hapa?"

"Ndiyo."

Kerryn kanigeukia. Hakuwa na ushindi usoni, nitamtendea haki. Alikuwa na huzuni. "Umeona, Mama?"

Niliona. Chumba kizima kiliona. Nilihisi kama nimepigwa kofi mbele ya watu. Athol anatazama meza, shingo imekuwa nyekundu, ule mkono mzima umekunja ngumi. Anajua! Anajua neno limemponyoka na hana lingine la kulirekebisha! Wao wanaona mtu asiyejua anachosema. Mimi naona mtu aliyefungiwa chumbani na ufunguo wa mlango mwingine.

"Jumapili," nikasema. "Nitamchukua saa tatu asubuhi, nitamrudisha saa kumi. Asiyetaka kunisaidia asinizuie mlangoni."

Nikasimama. Magoti yakapiga kelele, lakini nikasimama.

Jumamosi, 29 Aprili

Hali ya hewa: ukungu bondeni, juu kweupe, huenda manyunyu jioni. Matairi sawa. Blanketi, nguo za kubadilisha, unga wa chai, keki ya matunda nitaiponda ndani ya chai.

Kerryn kanitumia ujumbe: "Usiende." Hakuna zaidi. Sikujibu.

Siwezi kukaa chini. Nina furaha ya kijinga kabisa.

Jumapili, 30 Aprili

Naandika ndani ya pikapu. Nitarudi nyuma kidogo nieleze yote, maana mikono inahitaji kazi.

Silvano kaja na suti! Suti! Kasema ni Jumapili. Manesi wawili na yeye wamempandisha Athol, ngazi imeshika vizuri, tusi limetoka mara tatu, kisha Silvano kabaki kutungoja. Nilidhani Maxine hatatokea. Katokea, siyo zamu yake, kavaa nguo za nyumbani. Kamfunika Athol blanketi lingine miguuni, kakaza mkanda wake, kavuta kuhakikisha. "Saa kumi, Bi Una. Tafadhali." Hakusema mpenzi. Nikamwambia asante, na nilimaanisha.

Mpaka Harrietville ni ukungu mtupu, Athol kakaa kama gunia. Nikaanza kuogopa kwamba Kerryn kasema kweli. Halafu tukaanza kupanda. Kona ya kwanza nikaona mguu wake mzima unakanyaga sakafu. Anapiga breki! Kona ya pili tena. Tulipokaribia Meg, mwili wake ukalalia upande wa kona kabla sijageuza usukani. Nikaweka gia ya kwanza. Akatoa sauti. Siyo neno, ni ile sauti aliyokuwa akiitoa nikipika kitu kikatoka sawa.

Tukatoka juu ya ukungu. Jua! Bonde zima chini limejaa weupe, vilele vimesimama juu yake, kilele cha Feathertop kule mbele kiko karibu mpaka unataka kukigusa. Athol kainua mkono, kaanza kuzionyesha zile nguzo za chungwa. Moja moja, kila tuliyoipita. Moja imeinama. Kaitazama ile moja mpaka ikapotea, kakasirika kweli!

Pale pa kupigia picha tukasimama. Nimempa chai nzito na keki. Kala yote. Mtalii mmoja wa Melbourne kaomba kutupiga picha, kasema tunapendeza. Athol katoa tusi. Mtalii kadhani kasikia vibaya.

Muda ukafika. Nikawasha gari, nikatia indiketa ya kulia ili nigeuze turudi chini.

"Hapana."

Nikazima injini. Nilidhani ni redio. Redio haijafanya kazi miaka.

"Umesema nini?"

"Hapana."

Mate yamemtoka, uso mzima umekunjamana kwa ile kazi. Nikamwuliza kama anataka haja. Hapana. Chai nyingine? Hapana. Unaumwa? Hapana. Kila mara inatoka safi zaidi, kama chuma kinachosuguliwa kutu. Nikawa nacheka na kulia, siwezi kutofautisha.

"Turudi kwa Maxine?"

"Hapana!"

"Tuendelee mbele?"

"Ndiyo."

Sasa ndiyo yake ina mwenzake. Nani atanibishia?

Nikaendelea. Tumepita kijiji cha watu wa kuteleza kwenye theluji, kitupu, hoteli zimefungwa zinangoja theluji. Sasa tumesimama Dinner Plain, kijiji kidogo cha mbele yake, chini ya mikaratusi, kwa sababu nilihitaji kufikiri. Mbele ni mteremko wa kwenda Omeo, mji alikozaliwa Athol. Nyuma ni saa kumi. Saa kumi imeshapita, simu ilipopata mawimbi tu imeanza kulia.

Nikamwuliza: hapana ya kurudi makaoni leo, au hapana ya siku zote? Swali kama hilo halijibiwi kwa neno moja, najua. Kanitazama tu. Kisha kaangalia kioo cha mbele.

Nyumbani kuna ngazi. Bafu ni jembamba. Mimi siwezi kumwinua, niliwahi kujaribu, tukalala sakafuni wote wawili mpaka Silvano alipokuja. Yote hayo ni kweli na nayajua kuliko Maxine. Sijui nitafanyaje. Lakini mtu akikwambia hapana baada ya mwaka mzima wa kutoweza kuisema, unamjibu kwamba bafu ni jembamba?

Manyunyu yameanza. Siyo mvua. Yanatua kwenye kioo na kukaa kidogo kabla ya kuyeyuka.

Kerryn tena. Safari hii nimepokea.

"Mama, uko wapi? Maxine kanipigia, analia!"

"Dinner Plain. Tuko salama. Baba yako kala keki."

"Geuza gari. Sasa hivi."

"Baba yako hataki."

"Mama, Baba hajui kutaka! Uliona mwenyewe Ijumaa!"

"Kasema hapana, Kerryn."

Nilisikia feni ya gari lake. Kumbe yuko njiani, kaegesha mahali. "Hawezi kusema hapana," kasema, taratibu.

"Basi mwulize."

Nilidhani mawimbi yamekatika. Kisha, kwa sauti ambayo sijaisikia tangu akiwa binti mdogo: "Mpe simu."

Nimempa. Kaibana sikioni kwa mkono wake mzima. Sauti ya Kerryn naisikia lakini maneno siyasikii, naona tu Athol anavyosikiliza, kafumba macho. Anaongea muda mrefu, binti yetu. Sasa amenyamaza. Ameuliza. Athol kafumbua macho, anatazama barabara, anakusanya mdomo, na neno linatoka safi: "Hapana."